Kifurushi cha "bila kikomo": tuambiwe spidi inabanwa wapi

Mpenda Bando: Wakuu, nina ruta ya laini nyumbani, kampuni siitaji. Kifurushi ni cha "bila kikomo". Mwezi ukifika katikati, YouTube inazunguka tu, WhatsApp inapita kama kawaida. Nikipiga simu naambiwa "matumizi ya haki". Haki ya nani? Wabane, ila waandike: ni baada ya GB ngapi, na wanabana nini. Marekani kampuni ya intaneti Comcast waliibana BitTorrent, njia ya watu kugawana mafaili, kimyakimya, mpaka wateja wenyewe wakagundua, 2007 hiyo.

Fundi Mnara: Mleta mada, mnara una uwezo wake na jioni mnaingia wote. Asipobanwa anayeshusha tamthilia za Kikorea usiku kucha, mwenye kazi ya maana atapata nini?

Binti Pangani: Kazi ya maana ndiyo ipi, kaka? Mimi hizo tamthilia nazitafsiri. Ndizo zinalipa ada ya mwanangu.

Kibajaji: 😂 Kumbe ndiwe unayemfanya mfalme wa Korea aongee kama konda wa Mbagala!

Fundi Mnara: Kibali cha mwenye kazi unacho?

Binti Pangani: Na wewe cha kupima kazi za watu umepewa na TCRA, wadhibiti wa mawasiliano?

Mjomba K'la: Nyie mna nafuu. Uganda 2018 tulilipia shilingi 200 kwa siku kuingia tu Facebook na WhatsApp. Kila mtu akahamia VPN, ya kuficha unachofungua. 2021 wakaifuta, wakaweka 12% kwenye bando lote.

Kibajaji: Hiyo kodi ya serikali mjomba, usichanganye mafaili.

Mjomba K'la: Mfuko uliotoboka ni uleule.

Sina Upande: India 2016 mdhibiti alikataza kabisa bei tofauti kulingana na unachofungua, Free Basics ya Facebook, ya kufungua tovuti chache bure, ikafungasha virago. Huku bando la WhatsApp tupu tunalishangilia.

Kibajaji: Liondoe uone. Bibi yangu Nachingwea utampigia wewe?

Mpenda Bando: Jamani, GB ngapi?

Fundi Mnara: Soma vigezo na masharti.

Mpenda Bando: Nimesoma. "Kasi inaweza kurekebishwa inapobidi." Inapombidi nani? Na hao Comcast, mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, FCC, aliwabana 2008.

Sina Upande: Na mahakama ikautengua uamuzi huo 2010. Malizia hadithi.

Binti Pangani: Fundi, bado nasubiri. Kazi ya maana ni ipi?

Kibajaji: Dada achana naye. Sehemu ya 14 inatoka lini?