Tupeane uzoefu: nani ameugua, au ameuguza, kwa upungufu wa homoni?

Wanajamvi, mama yangu mdogo huanika dagaa Mwaloni, Kirumba. Tangu mwaka juzi alianza kuvaa sweta saa saba mchana, wenzake wakijipepea kwa kanga, sauti ikawa nzito na uso ukawa unamvimba kila asubuhi. Zahanati ya kwanza ilimtibu malaria mara tatu, ya pili ikampa dawa za kuongeza damu, na majirani wakanong'ona kuwa amelogwa. Kipimo cha damu ndicho kilichoonyesha kuwa tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, haitoi homoni ya kutosha. Na homoni hiyo ikipungua, mwili mzima hupunguza mwendo, moyo hata utumbo, na joto halizalishwi ipasavyo. Sasa humeza levothairoksini, kidonge cha kufidia homoni hiyo, kila alfajiri kwa maji matupu, kisha husubiri nusu saa kabla ya kunywa chai, jambo analoliona gumu kuliko kidonge chenyewe. Nanyi semeni yaliyowakuta.

Mchangiaji wa Nansio, Ukerewe:
Mwanangu wa miaka 9 alikuwa akinywa maji usiku kucha, akarudia kukojoa kitandani, nami nikamchapa. Hilo linaniuma mpaka leo. Kongosho lake lilikuwa limeacha kutengeneza insulini, hivyo sukari ilibaki kwenye damu badala ya kuingia katika seli, ikatoka kwa mkojo pamoja na maji mengi, huku mtoto akikonda. Friji hatuna. Chupa za insulini tunaziweka katika chungu kidogo kilichomo ndani ya chungu kikubwa, na katikati yake tumejaza mchanga wa ufukweni tunaoulowanisha asubuhi na jioni. Barafu siigusi, kwa kuwa insulini ikishaganda haifai tena.

Mchangiaji wa Sengerema:
Mimi nilivuja damu nyingi nilipojifungua, maziwa hayakutoka hata tone, na hedhi haikurudi. Kwa miaka 4 niliambiwa ni sindano za uzazi wa mpango, ambazo sikuwahi kuchoma. Kumbe tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na ambayo hukua wakati wa ujauzito, ilikosa damu siku ile na sehemu yake ikafa. Na kwa kuwa ndiyo inayoziamuru tezi nyingine, nilipungukiwa homoni kadhaa kwa pamoja. Natumia haidrokotisoni, dawa ya kufidia mojawapo ya homoni hizo, kila siku, na homa ikinishika naongeza dozi kama nilivyoelekezwa.