Naanza shahada ya uchumi, lengo ni uchumi wa kisiasa. Nipange vipi kozi?

Mpenda_Sera:
Wakuu, salamu. Muhula ujao naanza shahada ya kwanza ya uchumi. Kinachonivuta si benki wala soko la hisa. Nataka kuelewa kwa nini serikali hung'ang'ania sera inayoumiza wengi, na nani hasa ananufaika nayo. Nafasi za kozi za hiari ni chache. Nizijaze sayansi ya siasa, historia, au niongeze hisabati? Hisabati naiweza, ila siipendi kihivyo. Baadaye natamani uzamili.

Mzee_wa_Regresheni:
Mkuu, amua kwanza ni uchumi wa kisiasa upi, maana jina moja lina kambi mbili. Kuna ule wa wanafikra wa zamani, Smith, Ricardo na Marx: matabaka, mgawanyo wa pato, nani anamiliki nini. Na kuna huu unaotawala idara nyingi za uchumi leo: mpigakura, mwanasiasa na kundi la masilahi, kila mmoja anapiga hesabu zake, halafu madai yanapimwa kwa data. Ukiomba uzamili wa uchumi kwa kambi hii ya pili huku huna kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari na takwimu, utapata tabu. Zimalize miaka miwili ya mwanzo. Ekonometriki, yaani takwimu za kupima madai ya uchumi kwa data, usiisukume hadi mwaka wa mwisho, utaihitaji kwenye tasnifu.

Binti_Maktaba:
Nakubali nusu. Acemoglu, Johnson na Robinson, waliopata Nobel ya uchumi 2024, waliandika mwaka 2001 kwamba pale walowezi wa Kizungu walipokufa sana kwa maradhi, wakoloni hawakuhamia kwa wingi. Wakajenga taasisi za kunyonya tu, na umaskini wa leo unaanzia hapo. Mwaka 2012 mchumi David Albouy akafukua takwimu zenyewe: kati ya nchi 64, nchi 36 zilikuwa zimepachikwa viwango vya vifo vya nchi nyingine. Tena vifo vingi vilivyohesabiwa ni vya askari, na wa kambini walichanganywa na walioko vitani, ambao hufa zaidi. Waandishi walimjibu vikali, na ubishi haujaisha. Sasa niambie, kosa la namna hiyo utalionaje kama hujui nyaraka za zamani ziliandikwaje? Chukua historia ya uchumi, tafadhali. Na Elinor Ostrom aliyepata Nobel hiyohiyo 2009 alikuwa mtu wa sayansi ya siasa tangu shahada ya kwanza.

Mzee_wa_Regresheni:
Hahaha, dada, Ostrom umenipa pointi mimi! Alitaka uzamivu wa uchumi, akakataliwa kwa upungufu wa hisabati.

Binti_Maktaba:
Na bado Nobel akaibeba. 😄

Mpenda_Sera:
Asanteni sana, historia ya uchumi naiweka. Nimebakiwa na nafasi moja: nadharia ya michezo (hesabu za maamuzi yanayotegemea wengine watafanya nini) au historia ya fikra za kiuchumi?

Mzee_wa_Regresheni:
Nadharia ya michezo, bila kusita. Ile inahitaji mazoezi na mtu wa kukusahihisha. Peke yako utadhani umeelewa hadi upewe swali. Fikra za kiuchumi zinasomeka hata likizo.

Binti_Maktaba:
Hapo sina ubishi, ila likizo wasome Marx na Ricardo wenyewe, achana na muhtasari. Ikipatikana nafasi ya siasa, kozi ya utangulizi iruke kama wanaruhusu, chukua siasa linganishi. Huko ndiko utakakokutana na swali lako: wanaoumia na sera ni wengi lakini kila mmoja anaumia kidogo, wanaonufaika ni wachache na wananufaika mno, kwa hiyo hao wachache ndio hujipanga. Na uliza idara mapema kozi ipo muhula gani. Nyingine hufundishwa mwaka huu, mwakani huikuti.