Dirisha la Tkinter lina ukungu kwenye laptopu mpya, msaada wakuu

Fundi_Stoo:
Habari za jioni wakuu. Nimeandika programu ya stoo ya duka la dawa kwa Python na Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha na vitufe). Kwenye kompyuta yangu ya zamani iko safi. Mteja kanunua laptopu mpya yenye Windows 11, na kule maandishi yote yana ukungu, kama picha ndogo iliyovutwa. Programu nyingine kwenye skrini hiyo hiyo hazina shida. Nimebadilisha fonti, wapi. Mama wa watu anasoma humo tarehe za dawa kuisha muda, kwa hiyo hili si suala la urembo. Naombeni msaada.

Nyundo:
Mkuu, fungua mipangilio ya skrini utuambie ukuzaji umewekwa asilimia ngapi.

Fundi_Stoo:
150%.

DadaKodi:
Basi fonti haihusiki. Windows inaiona programu yako kuwa haijui lolote kuhusu skrini zenye pikseli nyingi, inaiacha ichore dirisha kwa DPI 96 (nukta kwa inchi, kiwango cha ukuzaji wa 100%), halafu inaivuta picha hiyo mara moja na nusu. Lazima ukungu utokee. Itangazie Windows kwamba utajichorea mwenyewe:

`import ctypes`
`ctypes.windll.shcore.SetProcessDpiAwareness(1)`

Iweke juu kabisa, kabla ya `tk.Tk()`. Dirisha likishazaliwa umechelewa. Inafanya kazi kuanzia Windows 8.1, kwa mteja mwenye Windows 7 tumia `ctypes.windll.user32.SetProcessDPIAware()`.

Fundi_Stoo:
Ubarikiwe dada, maandishi yametakata! Ila sasa dirisha limekuwa dogo, vitufe vya chini havionekani, na kwenye jedwali la dawa mistari imebanana, herufi kama g na y zimekatwa mikia.

DadaKodi:
Fonti hupimwa kwa pointi, kwa hiyo zimekua pamoja na skrini. Vipimo ulivyoandika kwa pikseli vimebaki vilevile. Bila shaka una `geometry("800x600")` na `place(x=..., y=...)` kila mahali. Hiyo `place`, inayobandika kila kitu kwenye pikseli maalumu, achana nayo, nakusihi. Panga kwa `grid` (mistari na safu), weka `sticky="nsew"` na `columnconfigure(0, weight=1)`, kisha futa `geometry` ili dirisha lijipimie kulingana na vilivyomo.

Jedwali ni kesi yake. Treeview, yaani kifaa cha Tkinter kinachochora jedwali lako, kwa kawaida huupa kila mstari pikseli 20, fonti iwe kubwa iwe ndogo. Chukua kimo kwenye fonti yenyewe, safari hii baada ya `tk.Tk()`:

`from tkinter import font, ttk`
`h = font.nametofont("TkDefaultFont").metrics("linespace")`
`ttk.Style().configure("Treeview", rowheight=h + 6)`

Fundi_Stoo:
Jedwali limekaa sawa, `grid` naendelea nayo. La mwisho: mteja huchomeka skrini ya pili ya kaunta, yenye 100%. Dirisha likihamia kule linapoteza ukali kidogo. Niweke 2 badala ya 1 kwenye `SetProcessDpiAwareness`?

Nyundo:
Usiweke. Ukiweka 2 unaahidi kwamba programu itajipima upya kila dirisha linapohama skrini, na Tkinter haikufanyii kazi hiyo. Utapata dirisha kali lakini kubwa kupita kiasi kule kaunta. Baki na 1, na kama mteja anaridhia, weka skrini zote mbili asilimia moja.