Faundesheni za poda za hela ndefu, ipi inakufikisha jioni? Tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Leo tuongelee faundesheni za poda, zile ngumu za kwenye kasha lenye kioo na sponji yake, na naongelea za hela ndefu: MAC, Lancôme, Fenty, Estée Lauder na wenzao. Zile za elfu tano Kariakoo tutazifungulia uzi wake.

Mimi uso wangu unatoa mafuta balaa, saa nne asubuhi paji linawaka tayari, na rangi yangu ni maji ya kunde. Nimetulia na MAC Studio Fix NC45 miaka sasa. Zile herufi zinachanganya sana watu, NC ni ya sisi wenye umanjano kwenye ngozi, NW ya wenye wekundu, na namba ikipanda rangi inakolea, sasa mtu wa NW akibebeshwa NC kisa namba zinafanana uso na shingo vinakuwa vya watu wawili. Inafunika bila kupaka ya maji chini na haing'ai kabisa, kwa hiyo mwenye ngozi kavu asiikimbilie. Lancôme Dual Finish naiwekea siku za sherehe, ni laini, unapaka kavu au unalowesha sponji kidogo ikafunika zaidi. Ila kwa kazi ya kila siku na haya mafuta sibanduki kwa MAC.

Haya, zenu?

Fundi Brashi: Dada umeruka habari ya flashi. Mimi napamba maharusi, hapo ndipo watu wanaumbuka. Poda yenye SPF (kinga ya jua) au silika nyingi, ule unga wa kufyonza mafuta, ukipigwa picha ya flashi usiku uso unatoka mweupe shingo inabaki ya kwake, ni ile titaniamu na zinki za kwenye SPF na hiyo silika zinarudisha mwanga. Mimi bibi harusi simwachii poda mpya usoni bila kuijaribu hata iwe ya laki mbili, nazima taa, nampiga picha na simu flashi imewashwa, ikileta uzungu naifuta hapo hapo mama mkwe asije akaniita pembeni. Na mkienda kununua jaribuni kwenye taya, sio mgongo wa mkono, halafu tokeni nje mjiangalie juani. Taa za duka zinasifia kila kitu.

Bint Pwani: Huku Mombasa kaskazi likipiga hakuna poda inayojua bei yake. Kuna moja ya jina kubwa silitaji, asubuhi natoka nyumbani sura mwanana, adhuhuri mashavu yashakuwa chungwa, shoga yangu wa kazini akaniuliza kama nilikula embe nikasahau kunawa 😂 Poda ikikutana na mafuta ya uso hukoleza rangi, ndio maana siku hizi nachukua namba moja chini na natanguliza praima, ile inayopakwa chini ya poda, ya kuzuia mafuta.

Halafu tusimsahau Iman jamani, yule mwanamitindo Msomali, kasoma Chuo Kikuu cha Nairobi, 1994 akaanzisha vipodozi vyake kwa ngozi kama zetu. Watu wanadhani mambo yalianza na Rihanna alipoleta Fenty yake 2017, na zile sheidi 40 za Fenty za mwanzo zilikuwa za maji, poda ilifuata nyuma.

mweusi tii: @Bint Pwani kweli kuhusu Iman ila niachie Rihanna wangu. Nilikuwa naenda dukani napewa ile ya mwisho kabisa kwenye mstari na bado natoka kama nimejipaka majivu, sababu wanaweka unga mweupe mwingi halafu wanaongeza kahawia juu wanaita rangi ya kukolea. Fenty namba za 490 huko ndio mara ya kwanza poda inakaa usoni kwangu kama haipo.

Shangazi wa Muscat: Wanangu, angalieni feki. Mkiletewa na mtu, ile namba ya toleo iliyochapwa chini ya kasha ifanane na ya kwenye boksi. Ikiwa boksi lina namba hiyo na kasha halina, rudisha. Na "orijino kutoka Dubai" kwa nusu bei, hata sisi tulio karibu na hiyo Dubai hatuipati.

pilipili_manga: Shikamoo shangazi. Naomba kuuliza, yangu imeota ganda juu linang'aa, nikipitisha sponji haichukui kitu na poda bado nusu kasha. Ndio imeharibika?

Fundi Brashi: @pilipili_manga haijafa hiyo, ni mafuta ya uso wako yanarudi na sponji. Bandika selotepu juu taratibu uivute, ganda litatoka nalo, likigoma kwangua kidogo na brashi safi ya mswaki. Halafu hiyo sponji ioshe kila wiki na ikauke kabisa kabla hujairudisha kwenye kasha, au hamia brashi.

pilipili_manga: Ganda limetoka lote, na sponji nimeiosha maji yamekuwa chai ya rangi 🙈