Waandishi wa riwaya za mapenzi, tumechoka kuuziwa sura za mastaa wa tamthilia mkituambia ni mashujaa wenu

Wakuu, habari zenu. Nimejizuia kwa muda mrefu kufungua uzi huu, ila kwa nilichokisoma juzi uvumilivu umeniishia. Niwie radhi mapema kwa urefu, na naomba wale wa "kama hupendi usisome" wapite kimya kimya, kwa sababu mimi napenda. Riwaya za mapenzi ndizo ninazonunua, ndizo ninazokesha nazo, na hasira yangu inatoka hapo.

Riwaya yenyewe sitaitaja na mwandishi wake nitamhifadhi. Ni ya kulipia, inatoka sura kwa sura. Nafungua sura ya kwanza, kabla ya sentensi yoyote nakutana na picha ya mwigizaji, na chini yake maneno: "Huyu ndiye daktari wetu, mvute hivi hivi kichwani." Basi. Kuanzia hapo mwandishi kajiondolea kazi yote. Daktari akiingia chumbani tunapewa taya, mabega, macho makali na kimya. Anachechemea na mkongojo, anameza vidonge vya maumivu kama karanga, anawatukana wagonjwa na wenzake. Aliyewahi kuangalia televisheni hata kidogo anajua katolewa wapi: ni Gregory House, wa ile tamthilia iliyorushwa kuanzia 2004 hadi 2012, kabadilishwa jina na kupewa mchumba.

Nilipomuuliza mwandishi kwa heshima zote, akanijibu kwamba kila mtunzi anavutiwa na mtu, na hata wakubwa duniani wamechota mashujaa wao kwenye televisheni. Jibu hilo ndilo lililonichoma kuliko riwaya yenyewe, kwa sababu nusu yake ni kweli na nusu iliyobaki ni kujificha nyuma ya watu waliofanya kazi.

Tuanze na huyo huyo House. Waliomtengeneza hawakuficha kwamba wamemtoa kwa Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa kwenye vitabu vya Conan Doyle. Namba ya nyumba yake ni 221B kama ya Holmes, rafiki yake Wilson kakaa palepale pa Watson, rafiki wa Holmes, na vidonge vimechukua nafasi ya dawa alizojidunga yule mpelelezi. Na Holmes naye Conan Doyle alimchota kwa mwalimu wake wa udaktari kule Edinburgh, Joseph Bell, aliyekuwa akimtazama mgonjwa tu na kumwambia kazi anayofanya na anakotoka. Kwa hiyo kuna vizazi vitatu vya kuazima. Lakini angalieni kilichokuwa kinaazimwa kila mara: akili inayosoma dalili ambazo wengine hawazioni, na upweke unaompata mtu mwenye akili ya namna hiyo. Mkongojo umekuja baadaye. Mwandishi wetu kachukua mkongojo, kachukua vidonge, kachukua matusi, ile akili kaiacha. Daktari wake hatambui ugonjwa hata mmoja kwenye riwaya nzima! Kwa nini nimvumilie mtu anayemtukana nesi kama hana anachokijua ambacho nesi hakijui? House tulimvumilia kwa sababu alikuwa na maumivu ya kweli, kwa sababu mara nyingi mwisho wa siku alikuwa sahihi, na kwa sababu Wilson alikuwepo kumwambia usoni anapovuka mpaka. Ondoa hayo matatu, unabaki na mtu mwenye adabu mbovu na mguu mbovu.

Sasa hao wakubwa. Mfano unaotajwa kila siku ni Diana Gabaldon, mwandishi wa Outlander. Mwaka 1988 aliamua kujaribu kuandika riwaya kwa mazoezi tu, akaangalia sehemu ya zamani ya Doctor Who, tamthilia ya Uingereza, akamwona kijana wa Kiskoti wa karne ya 18 kavaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, anaitwa Jamie McCrimmon, ameigizwa na Frazer Hines. Akavutiwa. Kutoka hapo akapata Uskoti, karne, kilti, na jina la Jamie. Watu wananukuu mpaka hapo halafu wanafunga mjadala, kana kwamba kilti ndiyo iliyoandika kitabu.

Endeleeni basi. Wakati ule Gabaldon alikuwa hajawahi kukanyaga Uskoti. Alikuwa mwanasayansi wa chuo kikuu, akaenda maktaba, akasoma habari za uasi wa Waskoti wa 1745 na vita vya Culloden vya mwaka uliofuata, maisha ya koo, dawa za mitishamba, namna watu walivyokula na walivyoadhibiwa. Jamie Fraser, shujaa wa kitabu hicho kilichotoka mwaka 1991, ana kichwa kinachotafutwa na serikali, ana mgongo uliochanwa kwa viboko, ana elimu, ana dada anayegombana naye, na siku ya ndoa ni yeye ambaye hajawahi kulala na mwanamke, wakati bibi harusi kamzidi umri na keshaolewa kabla. Hilo la mwisho peke yake liligeuza desturi ya riwaya za mapenzi za kihistoria za wakati ule juu chini. Hakuna hata moja kati ya hayo alilolikuta kwenye skrini. Kitabu kilipogeuzwa kuwa tamthilia, Frazer Hines mwenyewe alipewa nafasi ndogo kwenye msimu wa kwanza, mwaka 2015, akiwa mkuu wa gereza. Wakasimama kwenye hadithi moja mwenye cheche na moto uliozaliwa nayo, na hakuna mtazamaji aliyeweza kusema hawa ni mtu mmoja. Mwandishi akitaka kujilinganisha na Gabaldon, aanze kwa kutuonyesha alichokifanya baada ya kuzima televisheni.

Mwingine ni Helen Fielding. Mwaka 1995 BBC walirusha tamthilia ya Pride and Prejudice, Colin Firth akiwa Bwana Darcy, na wanawake wengi wakachanganyikiwa kwa tukio la yeye kutembea shati likiwa limelowa baada ya kuogelea ziwani. Tukio hilo halimo kwenye riwaya yenyewe ya Jane Austen ya 1813, ni la mwandishi wa muswada, Andrew Davies. Fielding akamleta Mark Darcy, mwanasheria wa zama zetu, kwenye kitabu chake cha Bridget Jones cha 1996. Filamu ilipotoka mwaka 2001, aliyemwigiza Mark Darcy alikuwa Colin Firth huyo huyo. Mnaona? Fielding alikuwa na sura kichwani na hakuona haya kuionyesha. Ila alichokifanyia kazi kilikuwa kasoro ya yule mtu: kiburi kinachomfanya asikike mbaya siku ya kwanza, na jinsi kiburi hicho kinavyomgharimu mbele ya mwanamke anayejidhania hana thamani. Shati halikuwa na kazi pale.

Tena kuna jambo kuhusu Davies ambalo waandishi wetu wangepaswa kulisoma mara mbili. Kitabuni Darcy tunamwona zaidi kwa macho ya Elizabeth, mwanamke anayempenda Darcy. Davies akaona mtazamaji hatamwelewa, akamwongezea matukio akiwa peke yake: anapigana kwa upanga mazoezini mpaka jasho linamtoka huku akijiapiza kwamba hisia zile atazishinda, anaogelea, anakosa utulivu. Yaani televisheni, ambayo haiwezi kuingia kichwani mwa mtu, ilihangaika kutafuta njia ya kutuonyesha kilichomo kichwani. Wewe mwandishi wa riwaya umepewa mlango huo bure! Unaweza kutuambia shujaa wako anawaza nini akiwa amekaa kimya pale mezani. Badala yake unaandika "alimtazama kwa muda mrefu bila kusema neno" na unaendelea na safari. Mwigizaji mzuri anaweza kukaa kimya sekunde tano ukalia, kwa sababu kuna uso, kuna mwanga, kuna muziki wa chini chini. Kwenye karatasi "alinyamaza" ni alinyamaza. Haibebi kitu mpaka ukibebeshe.

Nije kwenye kinachoniuma zaidi, kile cha mwanaume wa leo moto kesho barafu.

Tamthilia inaishi kwa kuchelewesha. Moonlighting, tamthilia ya wapelelezi wawili, David na Maddie, kati ya 1985 na 1989, iliwabakiza watazamaji kwenye viti kwa sababu wawili hao waligombana kila wiki na hatukujua watapatana lini. Waandishi wa televisheni wanajua wawili wakishatulia, watu wanahama chaneli, kwa hiyo mwanaume anasogea, anarudi nyuma, anabusu, anajuta, anapotea, anarudi msimu unaofuata. Hiyo ni mahitaji ya biashara ya kurusha kipindi kila wiki. Haikuwa tabia njema ya mwanaume hata siku moja. Riwaya ya mapenzi ina makubaliano mengine kabisa na msomaji. Chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani kinaitambua kwa mambo mawili tu: kisa cha mapenzi ndicho kiini, na mwisho unaridhisha na kuleta matumaini. Mnatuahidi mwisho, halafu mnatuletea mwanaume aliyetengenezwa ili mwisho usifike! Anamnyanyasa dada wa watu sura thelathini, anamnunia bila sababu, anamfukuza usiku, na sababu pekee ni kwamba staa wa tamthilia alifanya hivyo. Yule staa alikuwa na waandishi kadhaa mezani wakimtafutia sababu mpya kila msimu. Wako hana sababu, ana mwandishi anayesubiri watu wakomenti "mweee natamani wangu awe hivi". Na wasichana wadogo wanasoma humo. Wanajifunza kwamba akikuumiza sana ujue anakupenda sana. Hili silichukulii kirahisi hata kidogo.

Mtu atanitajia Spike, yule mnyonya damu asiye na roho wa tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer. Vizuri, tumtaje. Alianza kuonekana mwaka 1997 akiwa muuaji wa kuuawa mapema, mashabiki wakampenda, waandishi wakamwacha aishi. Lakini kumgeuza kulichukua miaka. Tuliambiwa kwamba zamani alikuwa mshairi anayechekwa. Tulimwona akipenda, akikataliwa, akifanya jambo baya lisilosameheka kirahisi, kisha mwaka 2002 akaenda mwenyewe kutafuta roho yake na kuteseka kwa ajili yake. Wewe mbabe wako anatubu sura ya tatu kwa sababu binti kamletea chai na maji ya uvuguvugu. Ametubu nini? Nani kamdai? Aliowaumiza wako wapi?

Na mwanamke je? Kwenye hizi riwaya za kumwabudu steringi, mwanamke ndiye anayeachwa mtupu kabisa. Hana kazi tunayomwona akiifanya, hana rafiki isipokuwa wa kumpigia simu kumsifia mwanaume, hana hasira yake. Ni kiti ambacho mwandishi amejiwekea akae yeye karibu na staa. Ugonjwa huu una jina tangu 1973, pale shabiki wa Star Trek, tamthilia ya safari za anga za juu, Paula Smith, alipoandika kihadithi kifupi cha kuwakejeli watunzi wenzake, akamleta Luteni Mary Sue wa miaka kumi na tano na nusu, anayejua kila kitu na anayependwa na kila afisa kwenye chombo. Nusu karne imepita, tunauziwa Mary Sue yule yule. Darcy bila Elizabeth wa kumwambia kwamba hata namna anavyoposa ni tusi, asingekumbukwa na mtu.

Kwa wale mnaokopi mpaka maneno ya mdomoni na matukio, halafu mnakasirika tukiwatambua: jaji Learned Hand wa Marekani alishasema mwaka 1930 kwamba mhusika asiyechorwa vya kutosha hawezi kulindwa kisheria. Daktari mkali mwenye akili ni wa kila mtu. Daktari mkali mwenye mkongojo ule, vidonge vile, rafiki yule na sentensi zile ni wa watu, na wana mawakili.

Najua humu kuna waandishi wanaofanya vizuri, na kuna ambao shujaa wao alitoka kwenye tamthilia na hakuna anayeweza kumgundua tena. Hao nawaheshimu na pesa yangu wataendelea kuipata. Naomba mje mtueleze mlifanyaje, mlikata nini, mliongeza nini, maana wenzenu wanadhani kuvutiwa na mhusika ni ruhusa ya kumhamisha na mizigo yake.

Na wewe mwandishi wa daktari mwenye mkongojo, najua unasoma hapa. Ukiondoa ile picha pale juu, ukafuta mkongojo, ukafuta vidonge, shujaa wako anaogopa kitu gani ambacho yule wa kwenye televisheni haogopi? Na binti yako anafanya nini siku nzima ambayo daktari hayupo? Nijibu hapa hapa kwenye uzi, usinifuate inboksi.