Tupeane uzoefu: gari la zamani kuvuja mafuta, na mahali rikoli inapoishia

Mwanzisha mada

Wakuu, habari zenu. Naomba tukusanye hapa visa vya kweli vya magari yenye umri mkubwa kuvuja mafuta. Lilivujia wapi, ulishtukia vipi, na rikoli (kiwanda kuita magari yake yarudi kurekebishwa bure) ilikufaa au haikukufaa.

Naanza na langu. Ni gari dogo la petroli, injini ya EFI (nozeli zinazoongozwa na kompyuta ndizo zinazopuliza mafuta), limeshapita miaka ishirini tangu litoke kiwandani. Kila asubuhi nikiwasha lilinuka petroli kwa dakika chache, halafu harufu inakata. Chini hakuna tone. Nikaingiza namba ya chasisi kwenye ukurasa wa mtengenezaji, jibu likaja kwamba hakuna wito wowote unaosubiri. Wengi wetu tukipata jibu hilo tunashusha pumzi. Fundi alipotoa kifuniko cha plastiki juu ya injini akakuta mpira unaopeleka mafuta kwenye reli ya nozeli umejaa nyufa ndogo ndogo, na palipokaa klipu pamelowa.

Mpira ule ulitoka kiwandani ukiwa mzima. Umezeeka juu ya injini ya moto mwaka baada ya mwaka, na hakuna kiwanda kinachoita magari kwa sababu mipira imezeeka. Rikoli inahusu kasoro iliyozaliwa na gari, yaani muundo mbaya au kundi la vipuri lililotengenezwa vibaya. Inataja modeli, miaka, na mara nyingi hata namba za chasisi zinapoanzia na zinapoishia. Ukiambiwa hakuna rikoli, umeambiwa hilo tu. Kuhusu hali ya mipira yako leo hujaambiwa chochote, na nina hofu kwamba kuna watu wanaendesha familia zao wakiamini wameambiwa.

Fundi Injini

Ahsante mkuu kwa mada hii. Harufu ya asubuhi inayokata yenyewe naletewa mara nyingi sana, na wenye magari wanahangaika kwa sababu wanatafuta tone chini. Petroli ikivujia juu ya injini iliyopata moto inakauka kabla ya kufika chini. Halafu kuna oringi za nozeli, yaani vipete vya mpira vinavyoziba maungio yake. Zikizeeka zinakuwa ngumu. Injini ikiwa baridi zimesinyaa zinapitisha mafuta, ikipata moto zinatanuka zinaziba. Ukilipeleka gari gereji mchana, limeshatembea, fundi anakuapia kwamba haoni kitu, na hadanganyi. Liache lilale gerejini, liwashwe asubuhi bonneti ikiwa wazi na mtu ameshika tochi.

Jambo kubwa zaidi ni presha. Pampu ya gari la kabureta (kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, kabla ya EFI) inasukuma mafuta chini ya nusu baa, baa ikiwa ni kipimo cha presha. EFI ya kawaida inafanya kazi kwenye baa 3 hivi, na presha inabaki kwenye mabomba hata ukishazima. Sasa mtu anachukua mpira wowote mweusi unaoingia, anaukaza, anaondoka. Mpira wa mafuta una maandishi ubavuni, yasomeni. SAE 30R7 ni wa presha ndogo. Wa EFI ni 30R9. Kipande kinachozama ndani ya tangi ni 30R10, kwa sababu mipira mingine haikutengenezwa kulowa petroli kwa nje, itaoza ndani ya tangi na kuziba chujio la pampu. Klipu nazo zina mambo yake: ile ya skrubu yenye matundu inakata mpira ukiikaza sana. Kwenye EFI tafuta ile iliyo laini kwa ndani, inayobana mzunguko wote sawasawa.

Kabla ya kufungua kiungo chochote, chomoa fyuzi ya pampu, washa injini iachwe izime yenyewe, kisha toa waya hasi wa betri. Hata hapo funika kiungo kwa kitambaa, kwa sababu kidogo kilichobaki kitaruka.

Mama Wawili

Langu lilinuka ndani, nje hakuna kitu, na ni baada ya kujaza tangi tu. Mafuta yakishuka kidogo, harufu hakuna. Watoto waliokaa nyuma ndio waliolalamika kwanza, mimi mbele nilikuwa sisikii. Fundi wa kwanza alibadilisha chujio, mwingine akasema mfuniko wa tangi umelegea. Aliyepatia ni yule aliyeinua kiti cha nyuma, akafungua kibati kinachofunika pampu. Pale juu ya tangi pamelowa kabisa.

Ilionekana pampu iliwahi kubadilishwa kabla sijalinunua, na sili ya zamani ikarudishwa ile ile, ikapakwa silikoni. Silikoni ya kawaida haivumilii petroli, inavimba inabanduka. Sili mpya ilimaliza kila kitu. Kwa hiyo ndugu zangu, pampu ya ndani ya tangi ikibadilishwa, simama hapo uone sili mpya inatolewa kwenye karatasi yake. Rikoli hapa isingejua lolote, maana kosa lilifanywa na mkono wa mtu miaka mingi baada ya kiwanda kumaliza kazi yake.

Mpanda Milima

@Mama Wawili umenifumbua macho. Langu linanuka nikijaza, nilidhani ni mafuta yaliyomwagika wakati wa kujaza. Naanza na kiti cha nyuma.

Mama Wawili

Anza hapo mpendwa, na ukikuta pakavu fuata bomba la kujazia mafuta, hasa ule mpira mnene unaoliunganisha na tangi na ule mwembamba wa kupumulia. Fundi wangu alivikagua vyote siku hiyo hiyo.

Msafiri wa Mbali

Mimi nina kisa ambacho rikoli ilikuwepo kweli. Gari langu lilitembea Japani kabla ya kuuzwa nje. Barua ya rikoli hupelekwa kwa mmiliki anayejulikana kwenye usajili wa nchi ile. Gari likishavuka bahari, barua haina pa kwenda, na mwenye gari wa sasa hajui kwamba aliwahi kuitwa.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ya chasisi ya herufi na tarakimu 17. Yana namba ya fremu, fupi zaidi, yenye kistari katikati. Tovuti ya Marekani ya kuangalia rikoli iliikataa. Nikaenda kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji, nikatumia programu ya kutafsiri, na hapo ikatokea: wito kuhusu bomba la mafuta, halijafanyiwa kazi. Nikachapa ule ukurasa nikaupeleka kwa wakala. Alinipokea vizuri, lakini akasema wito umefunguliwa kwa magari yaliyouzwa Japani, hivyo yeye hana maelekezo wala vipuri vyake. Niliagiza kipuri kwa namba yake, nikalipa mwenyewe.

Hata hivyo sijutii kutafuta. Tangazo lilitaja kiungo chenyewe kinachopasuka na upande kilipo, fundi akaenda moja kwa moja. Rikoli ikishindwa kukupa matengenezo ya bure, bado inaweza kukupa ramani.

Mpenda Sheria

Niongezee upande wa sheria, kwa sababu watu wengi wanadhani rikoli haina mwisho. Marekani, ambako mfumo huu ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1966, kiwanda kinalazimika kurekebisha bure ikiwa gari halijapitisha miaka 15 tangu mmiliki wa kwanza alinunue hadi tangazo lilipotolewa. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2015, ilikuwa miaka 10. Zaidi ya hapo kiwanda kinaweza kukusaidia kwa hiari, lakini huwezi kukidai. Na ndiyo miaka ambayo mabomba yanaanza kuoza.

Pili, dawa inayotolewa inaweza isiguse chanzo. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iliitaka Chrysler iite Jeep milioni 2.7 za zamani, kwa hofu ya moto zikigongwa kwa nyuma, kwa sababu tangi lake lilikaa nyuma ya ekseli. Kampuni ilikataa kwanza, kisha ikakubali kuita milioni 1.56. Zilichofungiwa ni ndoano ya kuvutia trela, ipunguze nguvu ya kugongwa kwenye mwendo mdogo. Tangi lilibaki pale pale. Mwenye gari kama hilo akiambiwa rikoli imekamilika, ni kweli kwa makaratasi.

Tatu, gari linaweza kurekebishwa na likawaka bado. Mwaka 2015 General Motors iliita magari milioni 1.4 ya miaka ya 1997 hadi 2004, yenye injini ya V6 ya lita 3.8, kwa sababu oili ilidondokea manifodi ya eksozi, yaani bomba la moto linalotoa moshi kwenye injini. Yalishaitwa huko nyuma. Zaidi ya 1,300 kati ya yale yaliyokwisha kurekebishwa yalishika moto. Ile ilikuwa oili, sawa, lakini kwa anayeamini muhuri wa "imefanyika" nadhani habari hiyo inatosha.

Dereva wa Usiku

Tusitishane jamani. Gari la zamani kunuka petroli kidogo ni kawaida. Nimeendesha ya namna hiyo maisha yangu yote.

Fundi Injini

Mzee wangu, heshima kwako, na kwa kabureta una haki kiasi. Bakuli la kabureta lina tundu la kupumulia, injini ya moto ikizimwa mafuta yaliyobaki yanatoa mvuke, utasikia harufu kwa muda. Huo ni mvuke tu. Ukiona unyevu, au harufu iko mpaka kesho yake, ni kuvuja.

EFI ni habari nyingine. Mfumo wake umefungwa, hata mvuke wa tangi unapelekwa kwenye kopo la mkaa ukahifadhiwe na kuchomwa na injini baadaye. Ukisikia petroli kwenye gari la EFI, kuna mahali pamefunguka. Inaweza kuwa kopo lenyewe au mpira wake mwembamba, jambo dogo, lakini huwezi kulijua kwa kukisia ukiwa umekaa kwenye usukani. Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Unatambaa chini, unajikusanya kwenye shimo la gereji na penye kona. Cheche ya swichi inatosha.

Kabureta Hai

Naunga mkono. La kwangu liliwaka. Sindano ya boya, inayofunga mafuta bakuli la kabureta likijaa, ilinasa, kabureta likafurika, mafuta yakachuruzika hadi karibu na distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi. Niliona moshi pembeni mwa bonneti nikiwa njiani. Nilizima swichi, nikawatoa wote, nikawasogeza mbali, kisha nikafungua kipini cha bonneti kwa ndani bila kuiinua. Ukiinua bonneti unaupa moto hewa, unakurukia usoni. Nilipenyeza mdomo wa mtungi wa kuzimia moto kwenye uwazi mdogo nikapuliza unga wote. Ulizimika. Mtungi ulikuwa chini ya kiti changu. Ungekuwa kwenye buti chini ya mizigo, sidhani ningeufikia kwa wakati. Gari langu halikuwa na rikoli ya aina yoyote, wala sindano iliyochakaa si jambo la kiwanda.

Gurudumu

Swali. Tangi langu limetoboka kwa kutu kwenye mshono wa chini. Nimeambiwa nimalize mafuta yote kisha lichomelewe. Ni salama?

Fundi Injini

Hapana, ndugu, tafadhali usikubali. Tangi lililomalizwa mafuta ndilo hatari zaidi, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Kuna mafundi wa matangi wanaoliosha, kulifukuza mvuke na kulipima kabla ya moto kulikaribia, hao ndio wa kuwapa. Kama humpati, nunua lingine zima. Gundi ya kuziba ikufikishe gereji tu.

Na hapo hapo niwaambie wenye dizeli mpya za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote): msitafute uvujaji kwa kupapasa mabomba injini ikiwaka. Presha ile inapita baa 1,000, mchirizi usioonekana unapenya ngozi na kuingia mwilini, na hilo ni la kwenda hospitali mara moja hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Pitisha kipande cha katoni kwa mbali.

Mpenda Sheria

Fundi, na hii petroli yenye ethanoli, ile alkoholi? Uingereza ilipoifanya E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10) kuwa petroli ya kawaida mwaka 2021, wenye magari ya zamani walionywa wahakikishe kwanza kama magari yao yanaikubali.

Fundi Injini

Ni kweli. Ethanoli inaharakisha kuoza kwa mipira ya zamani na inavuta maji, maji yanaleta kutu ndani ya tangi. Mipira mipya yenye maandishi niliyoyataja imetengenezwa kuihimili. Gari lako likiwa na mipira ya tangu kiwandani, usingoje inuke.

Mwanzisha mada

Fundi, kwa mtu asiye na uwezo wa kubadilisha yote kwa pamoja, aanze na ipi?

Fundi Injini

Mipira ya ndani ya bonneti kwanza, kuanzia bomba la chuma hadi reli ya nozeli, pamoja na ule wa kurudishia mafuta kama upo, kwa sababu iko karibu na moto. Oringi za nozeli zifuate, reli ikiwa imeshafunguliwa kazi ni ile ile. Kisha viungo vya chujio na vya juu ya tangi. Mabomba ya chuma ya chini ya gari yakaguliwe siku hiyo hiyo gari likiwa juu ya stendi, hasa yanapopita ndani ya klipu za plastiki, maana matope yanakaa humo na kutu inaanzia humo. Ukikuta bomba la EFI limeoza, libadilishwe lote. Usikate kipande na kuweka mpira na klipu mbili katikati. Ukimaliza, rudisha fyuzi ya pampu, fungua swichi mara kadhaa bila kuwasha injini ili presha ipande, na pitisha tochi kila kiungo kabla hujaizungusha.