Mshipi wa kuvulia kwenye barafu: usio na rangi, wa kijani au wa manjano?

Mgeni wa Theluji (Brooklyn Park, Minnesota)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Huu ni msimu wangu wa pili wa kuvua juu ya barafu katika Ziwa Mille Lacs, nami nimekwama dukani mbele ya rafu ya mishipi. Aina tatu zimenivutia: florokaboni (aina ya plastiki) isiyo na rangi ya pauni 6, nailoni ya kijani ya nguvu hiyohiyo, na mshipi wa kusukwa wa pauni 10 wenye manjano makali yanayowaka. Msimu uliopita nilitumia florokaboni peke yake kwa sababu muuzaji alinihakikishia kwamba samaki hauoni. Huenda alisema kweli, lakini hata mimi sikuuona: mara kwa mara nilipoinua ufito nilikuta chambo kimekwisha kudonolewa na ndoana imebaki tupu, nisijue aliyekidonoa amepita saa ngapi.

Ninavua zaidi walai (msidhani ninaapa, ni yule samaki wa macho meupe ambaye wenyeji wa huku humpenda kuliko wote), na wakati mwingine pechi wa manjano, ambaye hana udugu wa karibu na sangara wetu wa Ziwa Viktoria ingawa kwa Kiingereza wameitwa jina moja. Ninaomba ulinganisho kutoka kwa waliojaribu wenyewe, kwani maandishi ya boksi nimekwisha kuyasoma.

Fundi Keekee (Duluth, Minnesota)

Kaka, umeuliza maswali mawili ukadhani ni moja. Mshipi mmoja una sehemu mbili: ile iliyo mbele ya macho yako, kuanzia ncha ya ufito hadi kwenye maji ya shimo ulilotoboa barafuni, na ile iliyo mbele ya macho ya samaki, ambayo ni kama mita moja ya mwisho juu ya ndoana. Hakuna sababu ya sehemu hizo kuwa na rangi moja.

Kwa upande wa samaki, muuzaji hakukudanganya sana. Florokaboni huupinda mwanga kwa kiwango kinachokaribia cha maji, ndiyo maana majini huonekana kwa shida: kipimo cha maji ni 1.33, cha florokaboni ni 1.42 hivi, ilhali cha nailoni huzidi 1.5. Aidha huzama wenyewe na haufyonzi maji. Manjano yanayowaka ni kinyume chake kabisa, kwa maana rangi hiyo hupokea mwanga wa buluu, ambao ndio unaofika mbali katika maji maangavu, na kuurudisha ukiwa wa kijani na manjano. Kwa hiyo hata kwenye kina ambacho manjano ya kawaida yangefifia, uzi huo bado unang'aa. Mille Lacs ni ziwa angavu, na limezidi kuwa hivyo tangu wale kome wenye milia kama ya pundamilia, waliogunduliwa humo mwaka 2005, walipoenea na kuyachuja maji yake. Kufunga ndoana moja kwa moja kwenye manjano hayo ni kumpigia samaki hodi.

Ushauri wangu ni kwamba ununue mshipi wa manjano na ule wa florokaboni, uunganishe florokaboni ya sentimita 90 chini, na katikati uweke kizungusho kidogo cha chuma ili chambo kinapozunguka kisiusokote mshipi wote.

Mpemba wa Simcoe (Ontario, Kanada)

Nimemsoma Fundi na sina ugomvi naye kuhusu maji. Napenda kuongeza jambo la mkono. Kwetu tulivua kwa mshipi wa mkono, nailoni nene iliyoviringishwa kwenye chupa, na chubwi ikishagusa chini unaulaza uzi juu ya kidole cha shahada. Hakuna aliyewahi kuniuliza rangi ya mshipi wangu, kwa sababu kidole ndicho kilichokuwa kinamsikiliza samaki. Changu kina mchoro wa nailoni hadi leo. Hapa Ziwa Simcoe kidole kimo ndani ya glavu mbili na nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri, tena samaki mwenyewe amepoa na hadonoi kwa pupa bali hukinyanyua chambo kidogo tu, kiasi cha mshipi kulegea. Jicho ndilo lililoirithi kazi ya kidole, na jicho haliwezi kufanya kazi kwa uzi lisiouona. Mimi ningemshauri kijana wetu aanze na rangi anayoiona yeye, kisha ndipo amfikirie samaki.

Mama Hema (Winnipeg, Kanada)

Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe, ila "rangi anayoiona" hubadilika kulingana na kilicho nyuma ya mshipi, na hapa ndipo wengi hununua vibaya. Ndani ya hema lenye giza tunalolisimamisha juu ya shimo, shimo linaonekana jeusi au kijani kizito, na mshipi wa manjano husimama juu yake kama mstari wa chaki ubaoni. Nje, juu ya theluji yenye jua, manjano hayohayo hupotea machoni na mshipi usio na rangi ndio hauonekani kabisa. Huko nimeona wa rangi ya chungwa au hata mweusi ukiwa bora zaidi. Nina fito mbili, moja ya hemani na moja ya nje, na rangi zake hazifanani.

Nailoni ya kijani uliyoitaja naiona imekaa katikati bila faida: samaki anaiona zaidi ya florokaboni, nawe unaiona kidogo kuliko manjano. Jambo pekee la kuisifia ni ulaini wake kwenye baridi.

Kijana wa Fargo (North Dakota)

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Je, mshipi mwekundu? Nimesoma kwamba wekundu hutoweka majini.

Fundi Keekee

Mdogo wangu, wekundu ndio unaomezwa kwanza katika maji maangavu, hilo ni kweli, lakini mshipi wenyewe hauendi popote, hugeuka mweusi. Samaki akiutazama kutoka chini, dhidi ya mwanga unaopenya barafuni, ataona uzi mweusi. Na katika maji ya kahawia kama ya Upper Red Lake, mambo hugeuka: huko buluu ndiyo inayokufa mapema na wekundu husafiri mbali kuliko rangi nyingine.

Mwanaukerewe (Ufini mashariki)

Maji ya vijiziwa vya misituni huku kwetu yana rangi ya chai ya mkandaa, na juu yake kuna barafu, na juu ya barafu kuna theluji inayoufunika mwanga karibu wote. Katika giza hilo nimevua kwa mishipi ya kila rangi bila kuona tofauti. Kilicholeta tofauti ni unene. Wazee wa hapa huvua pechi kwa nailoni ya milimita 0.16 au 0.18, na badala ya kuutazama mshipi huitazama ncha ya ufito, ambayo wameifunga kipande chembamba cha plastiki kinachotikisika kwa mguso mdogo. Kwa hiyo, ndugu Mgeni, kabla ya kununua rangi tatu, chukua kipande hicho; kwangu kilikuwa rahisi kuliko kahawa.

Mgeni wa Theluji

Nawashukuru nyote. Jumamosi nilikuwa hemani, maji ya futi 24, mshipi wa manjano juu na florokaboni ya sentimita 90 chini. Saa kumi na moja jioni niliuona mshipi ukilegea kidogo kabla ufito haujasikia chochote, nikavuta, na alikuwa walai. Wawili wengine walifuata kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo Mzee wa Simcoe amepata haki yake.

Tatizo jipya ni kwamba mshipi wa kusukwa unanyonya maji. Nilipotoka nje kujaribu shimo la pili, haukuchukua dakika tano ukaganda kwenye pete ya ncha, ikabidi niivunje barafu hiyo kwa meno. Je, ipo nailoni ya manjano yanayowaka ambayo haijikunji kama springi inapopata baridi?

Mama Hema

Ipo, mdogo wangu. Chukua ya pauni 4, usivuke hapo, maana kadiri inavyokuwa nene ndivyo inavyokumbuka umbo la gurudumu ilikoviringishwa. Kabla ya kuishusha shimoni, ivute mita kadhaa kati ya viganja viwili bila glavu hadi ipate joto. Ile ya kusukwa iache hemani.